Jua Halijamfikia Ng'ombe

Hebu mwone anavyoingia. Ni saa mbili kasorobo asubuhi, kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda cha uchapaji, ule wa bati unaokwaruza sakafu. Anausukuma kwa nyonga, maana mikono yake haitaki kabisa kugusa kitasa. Kitasa kile kina mafuta ya mashine ya tangu sijui lini. Mafuta yameshika vumbi, na vumbi limeshika nywele za watu. Ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili, ana miwani machoni na nyingine kichwani, na mkononi ameshika kitambaa chenye sabuni. Kabla ya salamu anafuta meza yake. Akimaliza anakinusa kitambaa, anakunja uso, ndipo anasema, "Haya, hamjambo?"

Wapiga mashine walimpa jina la Nukta, kwa kumcheka. Yeye ndiye msahihishaji wa kiwanda, na amewahi kusimamisha mashine kubwa nusu siku nzima kwa ajili ya nukta moja iliyoangukia pabaya. Jina likamkaa. Hata barua ya likizo aliandikiwa, "Ndugu Nukta."

Kazi yake si ya kubahatisha. Husoma karatasi ya majaribio, ile inayotangulia kuchapa, mara mbili: kwanza kwa ajili ya herufi, kisha kwa ajili ya ukweli. Halafu, na hapa ndipo wengi huona uvivu, husoma ukurasa pamoja na ule unaouelekea. Kitabu kikifunguliwa kurasa mbili hulala kitanda kimoja, na yeye alikuwa akiwaambia wageni wa kazi, "Hawa wakigombana mbele ya msomaji, aibu ni yangu."

Sasa, kiwanda kile kilikuwa kikila kwa kijitabu kimoja. Kila Novemba walichapa Kalenda ya Nyota, kurasa sitini na nne, yenye kitundu kwenye kona ili mtu aitundike kwenye msumari jikoni. Humo zimo tarehe, miandamo ya mwezi, na zile nyota kumi na mbili: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba na wenzao, kila moja na siku zake za kuzaliwa na kiungo chake cha mwili. Punda kapewa kichwa. Ng'ombe kapewa shingo na koo. Kaa kapewa kifua. Na kwa kila kiungo kuna onyo, kwamba jua likiwa katika nyota hiyo, kiungo hicho kisiguswe kwa chuma. Usicheke. Kuna nyumba ambazo kitabu pekee ndani yake ni hicho.

Mwenye maneno ya kalenda alikuwa mzee mmoja aliyejiita Mnajimu, na wote wakamwita hivyo. Kila Jumatatu alikuja kiwandani kukaa na msahihishaji. Namna alivyokaa, nitakusimulia polepole, uvumilie. Alikuja na mayai mawili ya kuchemsha mfukoni mwa koti. Aliyamenya juu ya karatasi za majaribio. Maganda aliyasukuma chini ya meza kwa kiatu, akidhani haonekani. Alikula akisema, na kiini kikimrukia Nukta kwenye miwani, alimwambia, "Samahani, binti yangu," na kuendelea kusema. Kisha alilamba kidole gumba, akafunua ukurasa. Akalamba tena, akafunua. Mwisho wa mazungumzo kila ukurasa ulikuwa na alama ya kidole, yenye unyevu, ya manjano ukingoni. Nukta alizishika karatasi zile kwa ncha za kucha mbili, kama mtu anayemtoa panya kwenye pipa la maji.

Kwa miaka kumi, hata hivyo, kilichomchefua kilikuwa ni mayai tu. Maneno hakuyajali. Aliyasahihisha herufi, akayaacha yaende.

Mwaka wa kumi na moja mtu mmoja alileta kitabu chakavu cha elimu ya anga kijalidiwe upya, kisha hakurudi tena kukichukua. Nukta alikifuta jalada kwa sabuni, akakipeleka nyumbani, akakisoma kama anavyosoma kila kitu, mara mbili. Humo akakutana na jambo lililomtoa usingizini. Dunia, kilisema, inazunguka kama pia ya mtoto, ile ya kuzungushwa kwa kamba. Na kama pia inavyoyumba kichwa huku inazunguka, dunia nayo inayumba, polepole mno, hata kuyumba mara moja kamili kunachukua karibu miaka elfu ishirini na sita. Kwa sababu ya kuyumba huko, ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana hailikuti jua mahali palepale karne zote. Zamani za kale ililikuta mbele ya nyota za Ng'ombe. Baadaye ikarudi nyuma kwa Punda. Sasa iko kwa Samaki, na inajongea kinyumenyume kuelekea Ndoo. Kila hatua, miaka elfu mbili na ushee. Ndizo hizo ambazo wanajimu huziita zama.

Alilipenda sana jambo lile. Aliniambia mwenyewe kwamba siku ile alikwenda kazini akiwaangalia watu barabarani akajiuliza, hivi hawa wanajua wamesimama juu ya pia?

Novemba ile karatasi za Kalenda ya Nyota zikaja mezani, na kwa mara ya kwanza akazisoma kwa macho mapya. Ukurasa wa kumi na nne, kwa herufi nene: ZAMA ZA NDOO ZAANZA MWAKA HUU. Chini yake Mnajimu ameeleza, tena vizuri, kwamba mbingu zimesogea, kwamba siku ya Machi jua haliko tena kwa Punda. Sawa. Jicho likahamia ukurasa wa kumi na tano, unaouelekea: *Punda. Jua huingia tarehe 21 Machi.*

Siku ileile. Kurasa mbili, kitanda kimoja. Huku mbingu zimesogea ili zama mpya ziuzwe, huku hazijasogea hata unywele ili tarehe za kale zisiguswe. Akatoa kalenda ya mwaka uliopita: *Zama za Ndoo zaanza mwaka huu.* Ya mwaka juzi: mwaka huu. Na kile kitabu chakavu kilimwambia kwamba Ndoo bado iko mbali, karne kadhaa mbele. Aliyekuwa akikipitisha kichwa kile cha habari, kila Novemba, kwa kalamu nyekundu, ni nani? Ni yeye. Mara kumi. Akaiangalia kalamu kana kwamba ameiokota chooni.

Alikwenda kwa mwenye kiwanda.

"Bosi, kurasa hizi zinapingana."

"Nukta, mama, watu hawasomi kurasa mbili. Kila mtu anasoma yake. Chapa."

Wakachapa. Na Nukta, kama kila mwaka, akachukua nakala yake ya bure akampelekea mdogo wake.

Huyu mdogo wake ndiye aliyenifanya nikukalishe hapa. Ni fundi wa mapazia, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mcheshi, mwenye sauti iliyokuwa ikisikika mpaka nyumba ya tatu. Mwaka ule sauti ilianza kukwaruza. Uvimbe ulimtoka shingoni, ukakua ukawa kama limau, kisha kama chungwa. Alijifunga skafu. Akiinama kwenye cherehani, pumzi ilitoka na mluzi. Hakuweza tena kulala chali; alilala ameketi, kaegemea marobota ya vitambaa.

Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimpima akamwambia uvimbe umeanza kubana njia ya hewa. Apasuliwe tarehe nne Mei. Nafasi hiyo ikipita, inayofuata ni Septemba, "na koo lako sijui kama litaisubiri."

Mdogo mtu akarudi nyumbani, akafunua Kalenda ya Nyota. *Ng'ombe. Tarehe 20 Aprili hadi 20 Mei. Shingo na koo visiguswe kwa chuma.* Akaikataa tarehe.

"Dada, si wewe uliyeniletea kitabu?" alisema mdogo wake, Nukta alipokuja juu.

"Nimekuletea ujue mwezi unaandama lini, siyo uache kwenda hospitali!"

"Sijakataa hospitali. Nimekataa siku. Nitakwenda tarehe ishirini na tatu, Ng'ombe akishapita."

"Daktari si kinyozi, mdogo wangu, kwamba ukichelewa leo atakunyoa kesho."

"Wala mimi si ndevu." Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye mluzi, akashika meza mpaka hewa ikarudi.

Nukta akamwekea kurasa mbili mbele, akamwonyesha zinavyopingana, akamweleza habari ya pia. Mdogo wake akasikiliza kwa adabu zote. Kisha akauliza, taratibu, "Mama alikatwa mwezi gani?"

Nukta akazikunja zile kurasa.

"Si nakuuliza, dada? Mwezi gani?"

"Alikatwa tumbo. Siyo shingo."

"Mwezi gani?"

"Mei."

Mama yao aliingia chumba cha upasuaji tarehe kumi Mei, miaka ishirini nyuma, na hakutoka akiwa hai. Basi, ungemwambia nini mtu wa namna hiyo? Hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa imepata kitabu chenye kitundu kwenye kona.

Jumatatu iliyofuata Nukta akamngoja Mnajimu. Hakupangusa meza. Alimwacha amenye yai lake la kwanza, kisha akamsukumia ule ukurasa wa kumi na nne na wa kumi na tano.

"Mzee, Machi ishirini na moja jua liko kwa Punda au kwa Samaki?"

Mnajimu akatafuna polepole. "Uko hapa miaka mingapi, binti yangu?"

"Kumi na mmoja."

"Na umeliona leo?"

"Niliona Novemba. Nikaambiwa nichape."

"Basi na mimi nakwambia hivyohivyo, ila kwa upendo."

"Kumbe unajua."

"Ninajua kabla hujaota meno ya pili! Tarehe hizi zina miaka elfu mbili na zaidi. Mbingu zimekwenda zao, sisi tumebaki na karatasi. Jua liko nyuma karibu mwezi mzima. Lakini niambie, mtu amezoea kuitwa Simba tangu shuleni, leo umwambie yeye ni Kaa? Si atanifuata na panga?" Akacheka hadi vipande vya yai vikatua kwenye mkono wa Nukta.

Nukta hakuufuta mkono. Alimweleza habari ya mdogo wake: uvimbe, mluzi, tarehe nne. "Sikuombi ubadilishe kitabu. Nakuomba neno moja tu, umwambie yeye peke yake kwamba tarehe nne ni salama. Wewe atakusikia."

"Siwezi. Nikimwambia mmoja kwamba kitabu kimekosea, kesho wanajua wote. Mwache angoje kidogo. Watu wanangoja."

"Hapati hewa, mzee."

"Ni siku chache hizo."

"Ni mpaka Septemba! Wewe ungengoja?"

Hapo yule mzee akafanya jambo ambalo Nukta mpaka leo akilisimulia husogeza sahani pembeni. Alifungua kifungo cha shati, akapandisha fulana, akamwonyesha tumbo. Chini ya kitovu, ambamo mlikuwa na kipande cha ganda la yai, palikuwa na kovu refu, jeupe, linalong'aa.

"Ngiri," akasema kwa fahari. "Nilipasuliwa Novemba, jua likiwa kwa Nge, na Nge ndiye mwenye sehemu hizo. Kitabu changu mwenyewe kinakataza. Ningengoja nyota, binti yangu, ningekufa." Akashusha fulana, akalamba kidole gumba, akafunua ukurasa. "Haya, tuendelee. Mizani."

Nukta akatoka. Kwenye bomba la uani alinawa mikono mara tatu, ya nne akanawa mpaka viwikoni. Maji yalikuwa yanatiririka tu wakati wazo lilipomjia, na lilimjia likinuka yai. Mdogo wake hataki kusikia kwamba nyota hazimhusu. Lakini je, akiambiwa kwamba nyota zinamhusu, ila tarehe ndizo zilizokosewa? Hapo ataelewa. Alilisukuma wazo lile mbali. Likarudi. Akainama juu ya mfereji, na kwa kweli alitapika.

Kesho yake, jua lilipozama, alimtoa mdogo wake uani, kati ya kamba za kuanikia na ndoo za maji. Anga ya magharibi ilikuwa bado na wekundu kidogo.

"Unaiona ile nyota, ile inayovutia wekundu, juu ya paa la jirani?"

"Naiona."

"Hilo ni jicho la Ng'ombe."

"Ng'ombe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Sasa niambie, jua liko wapi?"

"Si limeshazama, dada."

"Limezama, na Ng'ombe amebaki juu. Jua lingekuwa kwake, angezama nalo, usingemwona, mwanga ungemfunika. Jua halijamfikia Ng'ombe. Halitamfikia mpaka katikati ya Mei. Kitabu kimechelewa miaka elfu mbili."

Mdogo wake alisimama, mkono kwenye skafu, mdomo wazi, mluzi ukipanda na kushuka. Alikuwa anaona kwa macho yake, na hakuna aliyekuwa akimdanganya. Mpaka hapo.

"Kwa hiyo tarehe nne jua litakuwa kwa nani?"

"Kwa Punda."

"Na Punda ni kiungo gani?"

Nukta akaitazama tena ile nyota. Angeweza kusema mwilini hamna punda wala ng'ombe. Alikwisha jaribu njia hiyo, akajibiwa kwa kifo cha mama yao.

"Kichwa," akasema.

"Siyo shingo?"

"Siyo shingo."

"Kwa hiyo shingo yangu iko huru?"

"Iko huru."

Mdogo wake akamkumbatia. Nukta alihisi ule uvimbe ukigusa bega lake, moto, mgumu, unaotweta, akajisikia mchafu kuliko kitasa cha kiwanda.

Tarehe nne Mei alipasuliwa. Daktari aliutoa uvimbe mzima, akasema ungekaa miezi miwili zaidi asingemwahidi mtu chochote. Wiki moja sauti ilikuwa kama ya jogoo anayejifunza, kisha ikarudi, na iliporudi, ndugu yangu, ikafanya kazi. Nyumba ya tatu ilisikia. Soko lilisikia. "Dada yangu ndiye anayezijua nyota! Yule mzee wa kitabu tarehe zake mbovu. Dada yangu alinionyesha Ng'ombe kwa macho!"

Wakaanza kuja. Kwanza jirani, kisha jirani wa jirani, kila mmoja na tarehe yake kwenye kikaratasi. Nukta aliwaambia kweli, mlangoni, kwa sauti: "Haya ni uongo, mama zangu. Nyota hazikati wala hazizuii. Nendeni hospitali." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Wanaojua kweli huwa hawajigambi."

Habari ikafika kiwandani. Mwenye kiwanda alimwita ofisini, na Mnajimu alikuwa ameshakaa humo, anamenya.

"Nukta, mama, umetufungulia njia. Mwaka huu tunatoa mbili. Kalenda ya Nyota, na Kalenda ya Nyota Iliyosahihishwa. Ya pili tunaweka jina lako."

"Na onyo la viungo?"

"Hilo linabaki. Bila hilo nani atanunua?"

"Mimi sina kinyongo," akasema Mnajimu, akimnyooshea yai la pili. "Karibu kazini, mwenzangu."

Neno hilo ndilo lililomkaa kooni. Mwenzangu. Alikataa kazi hiyo, akatoka bila kufunga mlango, lakini neno alitoka nalo. Aliniambia, "Yeye alidanganya ili watu waogope, mimi nilidanganya ili mtu mmoja asiogope. Nikijinusa, sioni tofauti ya harufu." Mimi naiona, nikamwambia hivyo. Hakuniamini.

Juzi Jumamosi asubuhi alikuwa anafua. Mwanamke mmoja asiyemfahamu alisimama getini, mwembamba, nguo safi, mkono wa kulia umebana upande wa kushoto wa kifua. Alikuwa na kikaratasi cha hospitali na kalenda iliyokunjwa.

"Shikamoo, dada. Nina uvimbe kwenye ziwa. Wameniita tarehe ishirini na nane Julai. Kitabu kinasema siku hiyo jua liko kwa Simba, na Simba si mwenye kifua, kwa hiyo nilikuwa nakwenda bila wasiwasi. Lakini nimesikia kitabu kina makosa, na wewe ndiye mwenye tarehe za kweli." Akamnyooshea kikaratasi. "Niambie tu kweli. Siku hiyo jua litakuwa wapi?"

Nukta hakuhitaji kufungua kitabu chakavu. Alikwisha piga hesabu kabla mwanamke hajamaliza. Tarehe ishirini na nane Julai, kwa anga ile ya kweli, ile aliyomwonyesha mdogo wake uani, jua liko kwa Kaa. Na Kaa, kwa kitabu cha Mnajimu na kwa mdomo wa mji mzima sasa, ndiye mwenye kifua.

Povu la sabuni lilikuwa linamkauka mikononi. Mwanamke anangoja, na macho hayabanduki usoni pake. Akimwambia kweli ya anga, atarudi nyumbani na uvimbe wake. Akimwambia kitabu ni sahihi, amemrudisha kwa yule mzee kwa mkono wake mwenyewe. Akimwambia yote ni uongo, ameshaona wenzake walivyolisikia neno hilo.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama ungekuwa wewe pale kwenye beseni, ungemjibu nini?